Daftari la Salama

Kijiko kilikuwa kinakoroga kikombe. Nilikisikia nikiwa bado kitandani, kabla ya adhana, ting, ting, ting, taratibu, kama mtu anayeyeyusha sukari nyingi. Nikasubiri kiache. Hakikuacha. Ndipo nikakumbuka kwamba sukari ilikwisha juzi, na birika nililiosha na kulifunika jana jioni bila kuacha hata tone la maji ndani.

Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni. Kalunde alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, gizani, anakoroga kikombe kitupu.

"Kalunde."

Akaacha. Akainuka kidogo, kwa adabu ile ile aliyokuja nayo siku ya kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Akaketi, akaendelea kukoroga.

Sikumnyang'anya kijiko. Niliwasha jiko, nikachemsha maji, nikamimina kidogo ndani ya kikombe chake ili mkono wake upate kitu cha kufanya. Akanishukuru. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa binti huyu: kila kitu kimemtoka, shukrani imebaki.

Kalunde si damu yangu. Ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na minne, na nusu ya sare za shule hapa Tabora zimepita mikononi mwake. Alimuuguza mama yake miaka mitano, peke yake, mpaka mwisho. Siku alipoanguka juu ya cherehani na kuamka hajui kama ana njaa, ana huzuni au amefurahi, hapakuwa na mtu wa kumchukua. Nikamchukua mimi. Ilikuwa siku thelathini na nane zilizopita. Daktari alinieleza vizuri, akarudia mara mbili kwa sababu ya umri wangu: alama zilizomwingia kichwani zinaweza kuoshwa kabla ya siku arobaini. Baada ya arobaini zinakauka kama rangi ukutani.

Vitanda vya kuoshea viko viwili tu mkoa mzima. Viko nyuma ya ofisi ya Shirika la Pumziko, mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Na vyote viwili vilikuwa vitupu.

* * *

Saa kumi na moja na nusu nilibandika sikio langu, nikaingia zamu.

Sikio ni kidude kidogo, hakizidi mbegu ya ukwaju. Unakibandika nyuma ya sikio ulilozaliwa nalo, kinapata joto, basi umeingia Ukumbini. Ukumbi wa Wauguzaji, unaoendeshwa na Shirika, ni wa watu wanaouguza wagonjwa majumbani. Mtu wa namna hiyo hana mkono wa kuandika, mkono mmoja umeshika beseni. Kwa hiyo anasema tu, na mashine inachukua sauti yake pamoja na uzito uliomo: hofu, hasira, uchovu wa kukesha. Uzito ule unagawanywa kwa wenzake wanaosikiliza, kila mmoja kidogo, kama watu wanaosaidiana kubeba jeneza. Aliyesema anabaki mwepesi. Nimeliona hilo kwa macho yangu nilipomuuguza mume wangu, na hakuna atakayeniambia si kweli.

Ila kabla ya kugawanywa, lazima mtu mmoja aupokee uzito wote, mzima, aamue kama upite, upunguzwe, au uzuiwe. Mwaka wa kwanza kazi hiyo ilifanywa na mashine. Ikapitisha uzito wa baba mmoja, na watu tisa waliousikia hawakuinuka kitandani wiki nzima. Tangu hapo sheria inataka moyo wa mtu utangulie. Sisi ndio mioyo hiyo. Wapokezi, wa kujitolea, saba kwa mkoa huu. Bila Kalunde, sita.

Sauti ya tatu asubuhi ile ilikuwa ya Mzee Machibya wa Igunga, anayemuuguza mkewe mwaka wa nne sasa.

"Leo amekataa uji," alisema. Basi.

Maneno yalikuwa matatu tu, lakini uzito ulinijia kama gunia lililolowa. Nikashika meza. Chini ya uchovu palikuwa na kitu kingine, kimetulia mno. Nimepokea miaka minane. Naujua utulivu ule. Nikauzuia, nikamfungulia mlango wa pembeni ambapo tunaongea wawili tu.

"Hodi, Mzee Machibya."

"Karibu, bibi."

"Mkeo yuko wapi?"

"Amelala hapa."

"Na mto wake?"

Nilisikia jogoo wa kwake huko Igunga.

"Nimeushika mimi," akasema.

"Haya. Uweke sakafuni. Usiutupe, uweke tu."

"Bibi, mimi si mtu mbaya."

"Najua. Ungekuwa mbaya usingeniambia habari ya uji. Umeuweka?"

"Nimeuweka."

"Mfunike miguu, kisha ufungue dirisha."

"Kuna baridi."

"Ndiyo maana nimesema miguu kwanza."

Nikasikia komeo la dirisha. Nikasikia akivuta pumzi. Nikamkalisha hapo dirishani, tukazungumza juu ya kuku wake, huku mkono wangu mwingine ukimwita jirani yake kwenye orodha ya watu wa kuitwa ambayo kila muuguzaji huiacha Ukumbini. Jirani alifika baada ya dakika kumi na mbili. Nilimsikia akisema, "Mzee, nimekuja kunywa chai kwako, kwangu imekwisha," na sikuwahi kusikia uongo mzuri kama ule.

Nilipofunga zamu nilikuwa nimejikunyata kwa baridi. Kitu laini kikaniangukia mabegani. Kalunde alikuwa ametoka jikoni, amevua kanga yake, amenifunika, amerudi kukaa. Hajui kama yeye mwenyewe ana baridi, lakini yangu aliiona.

Mbele ya macho yangu likaja daftari la zamu, kama linavyokuja kila siku, na swali lake moja: *Habari ya zamu?*

Kidole changu kikagusa *Salama* kabla sijafikiri.

Nikakitazama kidole kile. Nikafungua kurasa za nyuma. Salama, salama, salama. Miaka minane. Siku niliyopokea watoto watatu waliokuwa wanamuuguza baba yao peke yao: salama. Siku ambayo sikuweza kula: salama. Nikafungua daftari la Kalunde, maana nilikuwa mwalimu wake na ruhusa ninayo. Miaka sita. Salama mpaka asubuhi ile aliyoanguka.

Barua ya Shirika ilikuwa mezani, nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. *Kitanda hutolewa kwa mtumishi mwenye mkataba, au kwa mpokezi ambaye daftari lake linaonyesha ameumizwa na zamu. Daftari la mpokezi Kalunde halionyeshi dhara lolote. Tunampa pole.*

Nilikaa chini. Maana ni mimi niliyemfundisha. Wiki yake ya kwanza aliandika maneno mengi ya kweli, na nilimwambia: "Mwanangu, anayekufuata zamu atasoma hayo kabla hajanywa chai. Usimpe mwenzako mzigo asubuhi. Andika salama, mengine tutayamaliza jikoni." Na kweli tulikuwa tunayamaliza. Kila Jumamosi wapokezi wote walikuja jikoni kwangu, tukakaanga karanga, tukatoa yote, tukalia, tukacheka. Halafu Shirika likapanga zamu upya, kila mtu kwa saa zake, Jumamosi na Jumapili humo humo. Jikoni pakafa. Salama ikabaki.

* * *

Ofisi ya Shirika iko ghorofa ya pili, juu ya duka la asali. Tulipanda ngazi polepole, mimi na goti langu, Kalunde ameshika kiwiko changu. Mratibu wa wapokezi, Bi Editruda, alitupokea mlangoni. Ni mama mnene mpole, macho yake yana wekundu wa mtu asiyelala vizuri. Chumba kilikuwa na kiti kimoja tu, chake. Alimkalisha Kalunde hapo, akateremsha pazia ili jua lisimpige usoni, naye akasimama pamoja nami.

"Mkurugenzi amekubali dakika ishirini, bibi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimeomba mara nne."

"Asante, mwanangu. Mara nne si mchezo."

Mkurugenzi Ruhinda alikuwa Dodoma. Mwanga uliwaka juu ya meza, ukakusanyika, akawa mtu mzima aliyeketi, mwenye mvi za mapema na tai iliyolegea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Habari za kazi?"

"Salama."

Nilitabasamu kidogo. Hakujua kwa nini.

"Barua yetu uliipata," alisema. "Sitaki nikuzungushe. Ningeweza ningempa kitanda leo. Lakini vitanda vile vinasimamiwa na Mamlaka ya serikali. Nikimlaza mtu ambaye daftari lake ni safi, wataniuliza, na nitakosa jibu."

"Daftari lake si safi."

"Bibi, ninalo hapa. Neno ni moja, siku zote."

"Neno hilo ni langu. Mimi nilimfundisha kuliandika, awe mzima awe hoi. Mimi mwenyewe naliandika hivyo. Leo asubuhi nimeandika."

Editruda aligeuka kunitazama. Mkurugenzi akaweka kalamu chini.

"Subiri," alisema. "Fikiri kwanza kabla hujaendelea. Hapa kila neno linahifadhiwa."

"Nimefikiri tangu alfajiri."

"Basi nikueleze linakwenda wapi, kisha uamue." Hakuwa na ukali. Alikuwa anasema kama mtu anayeonyesha mahali penye shimo. "Mpokezi anayejaza daftari kwa uongo anavuliwa sikio. Hiyo ni kanuni, sina la kuibadili. Hilo ni moja. La pili, nikipeleka taarifa kwamba madaftari ya mkoa mzima hayaaminiki, Mamlaka inaweza kufunga Ukumbi mpaka ijiridhishe. Miezi miwili, mitatu. Una wauguzaji elfu kumi na moja mle ndani, bibi. Unawajua kuliko mimi. Wataongea na nani?"

Nilimwona Mzee Machibya na mto wake sakafuni. Kesho yake ni nani atasikia utulivu ule?

Chini dukani mtu alikuwa anabishana juu ya asali yenye nta. Kalunde alikuwa anazungusha kidole juu ya goti lake, anakoroga, anakoroga. Nikajiuliza kama nina haki ya kuweka watu elfu kumi na moja upande mmoja na huyu mmoja upande wa pili. Na jibu lililonijia halikuwa la mizani. Nilikumbuka tu kwamba wale wote walifundishwa Ukumbini jambo moja: mgonjwa uliye naye mkononi ndiye wa kwanza.

"Baba," nikasema, "ukinivua sikio ni haki yako, nimekosea. Wenzangu usiwaguse, walinifuata mimi. Lakini nina swali. Hiki kidude kikipata joto nyuma ya sikio langu, kinasikia sauti tu?"

Aliyejibu ni Editruda.

"Kinapima mapigo ya moyo," alisema.

"Bi Editruda," Mkurugenzi akasema.

"Kinapima, mheshimiwa. Mapigo, jasho, usingizi. Tunayo ya kila mpokezi." Aligusa meza, na hewani ikapanda mistari miwili. Mmoja ulinyooka kama uzi wa kupimia ukuta. "Huu ni wa maneno ya Kalunde. Salama." Wa pili ulikuwa milima na makorongo, na kila mwaka makorongo yalizidi kina. "Huu ni wa moyo wake. Miezi saba ya mwisho hakulala saa tatu mfululizo. Niliandika taarifa mara mbili. Nikajibiwa kwamba maneno na mapigo yakipingana, tufuate maneno, kwa kuwa mpokezi ndiye anayejijua."

Kalunde aliutazama mlima wake kama anatazama nguo ya mteja.

"Mlikuwa na mapigo yake," nikasema. "Kwa nini mliamini neno?"

"Kwa sababu neno ndilo mlilotia saini wenyewe," alisema Mkurugenzi, na nilisikia kwamba hata yeye hakulipenda jibu lake.

"Wewe umetoka wapi, baba? Kwenu ni wapi?"

"Bukoba, bibi."

"Mgeni akifika kwenu Bukoba, mama yako anamwuliza habari akiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Naye anajibu nini?"

"Nzuri."

"Hata kama amekuja kuleta habari ya msiba."

"Hata kama."

"Je, mama yako anaridhika, anamwambia haya kwaheri? Anamkaribisha. Anampa kiti. Anampa maji. Kisha anauliza mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo anayotaka jibu lake. Ninyi mmetuuliza mlangoni miaka minane. Mimi nimekosa kwa kuwafundisha watoto kujibu vizuri. Lakini kiti hamjawahi kutoa hata siku moja. Tulikuwa nacho chetu jikoni kwangu, zamu zenu zikakiondoa. Hatukuomba mkataba. Kalunde alikuja kwa sababu alijua maana ya kukesha na mgonjwa peke yako. Mtu akijitolea bila kuulizwa, ndiye anayestahili kuulizwa mara mbili."

Mkurugenzi alijifuta uso. Pale Dodoma alikuwa na glasi ya maji, akaishika, hakunywa.

"Ukitia saini kwamba daftari lake lilijazwa kwa mafundisho yako," alisema taratibu, "neno lake linafutwa. Likifutwa, yanabaki mapigo. Kwa mapigo yale naweza kumpa kitanda. Leo. Lakini sikio lako nitalichukua, na taarifa kwa Mamlaka nitaipeleka. Siwezi kuificha."

"Usiifiche."

"Nitaomba wasifunge. Waache zamu za mchana tu. Siahidi."

"Na Mzee Machibya wa Igunga saa yake ni ya alfajiri."

"Siahidi, bibi."

Nikatia saini. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, herufi kubwa kubwa, nilichukua muda. Kisha nikapeleka mkono nyuma ya sikio langu. Kidude kilikuwa bado na joto. Kilipobanduka, nilisikia kama nyumba iliyojaa watu imefungwa mlango kwa nje. Editruda alinyoosha kiganja, nikakiweka hapo, naye akakifunika kwa mkono wa pili kama anavyofunikwa kifaranga.

"Alfajiri nitapokea mimi," aliniambia. "Wakiniruhusu. Nieleze habari ya Mzee Machibya."

"Ana kuku saba," nikasema. "Anzia kwa kuku."

* * *

Chumba cha kuoshea ni kidogo, kuta za samawati, hakina dirisha. Mashine inavuma chini chini. Mhudumu alinieleza kwamba inamrudishia mgonjwa kila uzito alioupokea, kinyumenyume, mwepesi mwepesi, mpaka kichwa kikubali kwamba haukuwa wake. Haioshi zote. Kwa siku thelathini na nane, alisema, tushukuru tukipata nusu.

Siku ya kwanza Kalunde alilala. Siku ya pili nilikwenda asubuhi, nikaketi kwenye kiti ambacho mhudumu alinibebea kutoka chumba chake mwenyewe, nikamwuliza umeamkaje. Akasema salama, nikarudi nyumbani kwa miguu, goti linauma njia nzima.

Ukumbi ulifungwa alfajiri na jioni. Mamlaka iliacha saa sita za mchana tu. Editruda alinitumia ujumbe kwamba Mzee Machibya amehamishiwa saa nne, jirani analala kwake, na jogoo ameliwa na kicheche. Nililia kwa ajili ya jogoo. Mengine nilishindwa kuyalilia.

Siku ya tatu Kalunde alikuwa ameegemea mto, nywele zimechanwa na mtu mwenye subira. Kikombe cha uji kilikuwa pembeni, kimeliwa robo. Kijiko kilikuwa kimelala kwenye sahani, hakikorogi kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Nilikaa. Nilivuta kiti karibu, nikamimina maji, nikampa, akanywa. Nikachukua bilauri yake, nikaiweka chini. Sikuwa na haraka, sina zamu tena.

"Kalunde. Umeamkaje?"

Alinitazama muda mrefu. Akafungua mdomo mara mbili bila sauti, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba wenye vitu vingi.

"Vibaya," akasema. "Bibi, nimeamka vibaya. Kuna mtoto mmoja ananililia humu ndani na sijui ni wa nani."

"Nimesikia."

"Nina njaa pia." Akashtuka, akajishika tumbo kama amelivumbua. "Hii ni njaa, au siyo?"

"Ni njaa. Kula uji wako."

Akala. Nilimtazama mpaka akamaliza kikombe chote, machozi yakimdondokea humo humo, naye hakuyafuta. Mhudumu alisimama mlangoni, akaona, akaondoka bila kutuambia kwamba saa ya kuona wagonjwa imekwisha. Nilikaa naye dakika chache zaidi, kisha nikajishika goti, nikainuka.

Kalunde akanishika ncha ya kanga.

"Kesho uje tena," alisema. "Uje uniulize."